Masimulizi ya Kweli Likizo ya Kiangazi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila mwaka, siku chache kabla ya shule kufungwa, huwagawia karatasi ya vitabu wanafunzi watakaoingia darasa langu la AP English Language baada ya likizo. Haupiti muda simu yangu inajaa jumbe za sauti kwa Kiswahili. Wazazi wanatoka Uvira, Bukavu, Kigoma, Mombasa, na watoto wao wanasoma sekondari hapa Marekani. Wengine ni wanafunzi wenyewe, wanaoona haya kuuliza mbele ya wenzao. Nimekusanya hapa yale ninayoulizwa zaidi.

Darasa hili ni lipi, na kwa nini kazi ianze wakati shule imefungwa?

AP ni masomo ya kiwango cha mwaka wa kwanza wa chuo yanayofundishwa sekondari, chini ya shirika la College Board. Kuna AP ya fasihi, yenye riwaya, tamthilia na mashairi, na kuna hii ya lugha, ambayo wengi huichukua wakiwa darasa la kumi na moja. Hii ya lugha inashughulika zaidi na maandishi ya mambo ya kweli: hotuba, barua, insha, makala za magazeti, vitabu vya maisha ya watu. Mtoto aliyezoea riwaya peke yake hushtuka wiki ya kwanza. Kwa hiyo tunampa kitabu mapema, akisome bila kengele na bila mtihani wa Ijumaa kumsukuma.

College Board haina orodha ya vitabu vya lazima kwa somo hili. Kila mwalimu hupanga yake. Orodha ya binti wa jirani yako ikitofautiana na ya mwanao, hakuna aliyekosea.

"Masimulizi ya kweli" maana yake nini? Si historia tu?

Ni maandishi ambayo mambo yake yalitokea na watu wake waliishi, ila yanasimuliwa kama hadithi: kuna mahali, kuna watu wanaoongea, kuna jambo linalokufanya ufunue ukurasa mwingine ingawa usingizi umekushika. Kitabu cha historia kitakuambia vita vilianza mwaka gani na vikaisha lini. Masimulizi ya kweli yatakusimamisha dirishani mwa jiko la mjane mwenye watoto watatu, naye anamtazama jirani akibomoa nyumba yake mwenyewe kwa sababu serikali inataka njia ya kuzuia moto. Halafu mwanga unawaka.

Aliyelelewa na bibi anayesimulia alivyovuka ziwa usiku akikimbia vita anaijua aina hii ya maneno kabla ya kulijua jina lake. Tofauti ni moja. Bibi ukimkatiza ukamuuliza, "Ulijuaje kwamba walikuwa wanakuja?" atakujibu. Kitabu hakikujibu, jibu unalitafuta mwenyewe humo ndani. Swali hilo, *amejuaje?*, ndilo ninalotaka mwanafunzi atembee nalo likizo nzima. Akirudi amesahau nusu ya majina lakini swali hilo limemkaa, sina deni naye.

Nianze na kitabu gani?

Karatasi yangu ina vitabu kumi na viwili na unachagua viwili. Nitaeleza vile ninavyovipendekeza kwa watoto wetu zaidi, na sababu zangu.

Cha kwanza ni simulizi ya maisha ya Frederick Douglass, aliyoiandika mwenyewe na kuitoa mwaka 1845. Alizaliwa mtumwa Maryland, akatoroka mwaka 1838. Ni kitabu chembamba, na ndicho ninachompa mtoto anayeogopa vitabu vinene. Kuna mahali anaeleza alivyojifunza kusoma akiwa mdogo mjini Baltimore. Bibi mwenye nyumba alianza kumfundisha herufi, mume wake akamkataza. Basi Douglass, akitumwa dukani, alikuwa anabeba mkate, kwa kuwa katika nyumba ile mkate haukuwa shida kuupata. Njiani anakutana na watoto wa kizungu maskini, wenye njaa. Anawapa mkate, wao wanampa herufi. Kisha anasema angependa kuwataja watoto wale majina ila hawezi, kwa sababu kumfundisha mtumwa kusoma lilikuwa kosa kubwa na angewaponza. Vilevile hasemi alitoroka kwa njia gani, asije akawafungia mlango wanaofuata. Alikuja kuieleza njia hiyo mwaka 1881, utumwa ukiwa umekwisha. Hapo mwanafunzi anajifunza kwamba hata mambo ambayo mwandishi ameyanyamazia yana sababu zake, na sababu hizo ni sehemu ya kitabu.

Cha pili ni *Hiroshima* cha John Hersey, ambacho nitakirudia hapa chini.

Cha tatu ni kile cha Rebecca Skloot cha mwaka 2010 kuhusu Henrietta Lacks, mama mweusi aliyekufa kwa saratani ya mlango wa kizazi mjini Baltimore mwaka 1951, akiwa na miaka 31. Madaktari wa hospitali ya Johns Hopkins walichukua chembe za uvimbe wake bila kumwomba ruhusa. Chembe zile hazikufa. Ziliendelea kugawanyika maabara, zikasambazwa duniani kwa jina la HeLa, zikasaidia katika utafiti wa chanjo ya polio na mengine mengi, na familia yake haikujua lolote kwa zaidi ya miaka ishirini. Watoto wanaotaka uuguzi au udaktari, na kwetu ni wengi, hawakiachi mkononi. Skloot alichukua takribani miaka kumi kukifanyia kazi, na sehemu kubwa ya kitabu inaonyesha alivyopata aliyoyapata: milango aliyofungiwa, simu zilizokatwa, binti wa marehemu anayemwamini leo na kesho hamwamini. Ukiuliza *amejuaje?* humo, majibu utayakuta mengi tu.

Cha nne ni cha Sonia Nazario kuhusu Enrique, kijana wa Honduras ambaye mama yake alikwenda Marekani kutafuta kazi yeye akiwa na miaka mitano. Miaka kumi na mmoja baadaye akaamua kumfuata, juu ya mabehewa ya treni ya mizigo kupitia Mexico. Alikamatwa na kurudishwa mara saba. Nazario alikutana naye safari ikiwa imekaribia mwisho, akamhoji, kisha mwenyewe akaipita njia ileile tangu mwanzo, akapanda juu ya treni hizohizo ili aone na kusikia alichokiona kijana yule. Nina wanafunzi walioachwa na mama kambini, wakamkuta hapa baada ya miaka. Wao nawaeleza kwanza kitabu kinahusu nini, kisha nawaachia waamue wenyewe.

Kama ni "kweli", basi kila kilichoandikwa humo kilitokea hivyohivyo?

Hapana, na hapa ndipo wengi hukwama, hata watu wazima.

Chukua *In Cold Blood* cha Truman Capote. Mwezi Novemba mwaka 1959, watu wanne wa familia ya Clutter waliuawa nyumbani kwao Holcomb, Kansas. Capote alikwenda huko, akahoji wanakijiji, wapelelezi na baadaye wauaji wenyewe, ambao walinyongwa mwaka 1965. Alitangaza kwamba kila neno la kitabu chake ni kweli. Kwenye mahojiano hakuwa anaandika wala kurekodi. Alisema anategemea kumbukumbu yake. Kitabu kinamalizikia makaburini, mpelelezi akikutana na rafiki wa binti aliyeuawa. Ni ukurasa mzuri sana, nami bado unanigusa. Lakini mkutano huo haukutokea. Capote aliutunga.

Wanafunzi wakisikia hivyo hugawanyika. Wapo wanaokasirika na kusema wamedanganywa, wapo wanaosema kitabu kilihitaji mahali pa kupumzika. Sitaki waafikiane. Nataka kila mmoja aonyeshe kwa kidole: hapa mwandishi alikuwepo, hapa aliambiwa, hapa amesoma kwenye faili la mahakama, hapa hakuna namna yoyote angeweza kujua. Msimulizi akikuambia marehemu aliwaza nini dakika ya mwisho, simama hapohapo.

Mimi msimamo wangu uko wazi: ukiandika kwamba ni kweli, usitunge. Ukikisia, mwambie msomaji kwamba unakisia. Lakini mwanafunzi akinipinga kwa hoja, simpunguzii alama.

Niandike nini pembeni mwa ukurasa? Mwalimu anasema "andika maoni", mimi sina maoni.

Tuchukue mfano mmoja tuutazame kwa karibu. *Hiroshima* kinaanza saa mbili na robo asubuhi, tarehe 6 Agosti 1945. Sentensi ya kwanza ni ndefu. Inataja saa, inataja tarehe, inataja bomu lililomulika juu ya mji, halafu inaishia kwa karani wa kiwanda aitwaye Toshiko Sasaki, ambaye ndiyo kwanza ameketi mezani pake na anageuza kichwa kuongea na msichana wa meza ya jirani.

Mwanafunzi mvivu ataandika pembeni: "bomu". Sasa uliza. Kwa nini sentensi inayoanza na jambo kubwa kama bomu la atomiki imalizikie kwenye shingo ya karani? Ungefanya nini wewe? Pengine ungetaja idadi ya waliokufa. Hersey ametaja kichwa kinachogeuka, kwa sababu wewe nawe umewahi kugeuza kichwa kuongea na mwenzako. Ukiandika pembeni "jambo kubwa, kisha jambo dogo sana, mimi niko pale kwenye dogo", tayari unafanya uchambuzi wa balagha, yaani kuonyesha namna mwandishi anavyomvuta msomaji. Na chini yake andika: "amejuaje kwamba aligeuza kichwa?"

Endelea kidogo. Kabati za vitabu zilizokuwa nyuma ya Sasaki zinamwangukia na kumvunja mguu. Hersey anaona jambo hilo akalisema: kwamba dakika ya kwanza ya zama za atomiki, binadamu alipondwa na vitabu. Anasema mara moja tu, hapigi kelele, anaendelea mbele. Piga mstari hapo, andika "hapigi kelele". Ukifika sura ya pili utaona ndivyo alivyo kitabu kizima, na hilo ndilo litakuwa dai la insha yako.

Kurasa nyingine ziache nyeupe. Ukurasa uliopigwa mstari wote haujachaguliwa kitu. Kitabu cha maktaba usikiandike. Tumia vikaratasi vya kubandika au daftari lenye namba za kurasa.

Kurasa ngapi kwa siku?

Kumi na tano. Kitabu cha kurasa mia tatu kinakwisha kwa siku ishirini za kusoma, na Jumapili unapumzika. Anayesoma mia moja usiku mmoja ananiletea matukio tu, hana kingine.

Kiingereza ni lugha yangu ya tatu. Nitaweza?

Utaweza, na sikuambii hivyo kukufariji. Mtu aliyehama kutoka Kifuliiru au Kibembe kuingia Kiswahili, kisha Kiingereza, ameshazoea kupima maneno. Anajua neno moja lina uzito huu huku na uzito mwingine kule. Somo hili linataka hilohilo.

Kamusi usiifungue kila mstari. Soma aya nzima kwanza. Neno likijirudia mara tatu na bado limekuzuia, litafute. Maneno matano kwa siku yanatosha, na yaandike kwa sentensi uliyoyakuta nayo, kwa sababu ukiyaandika peke yake hayadumu. Sehemu ngumu isome kwa sauti. Sentensi nyingi za Douglass zimejengwa kama za mtu anayehutubia, na ulimi huzielewa kabla ya macho.

Mimi mzazi sijui Kiingereza. Nimsaidie vipi?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote.

Mama mmoja wa Fizi, ambaye shule yake iliishia la nne, alikuwa anamtaka mwanawe amsimulie kitabu kila jioni, yeye akitwanga sombe. Kwa Kiswahili cha nyumbani, si kwa Kiingereza. Kijana alikuwa anasoma *Hiroshima*. Siku ya kwanza alisimulia bomu, karani, kabati. Mama akauliza, "Huyo muzungu anayeandika, yeye alikuwa wapi?" Kijana akasema hajui. "Basi enda uangalie." Akarudi kitabuni kumtafuta Hersey, hakumwona, mwandishi hajitaji. Akachimba mtandaoni akakuta kwamba Hersey alifika Japani mwaka uliofuata, 1946, akahoji watu, na ripoti yake ikachukua toleo zima la jarida la The New Yorker mwezi Agosti mwaka huo. Akamweleza mama. Mama akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kwa hiyo ni yule binti mwenyewe ndiye alikumbuka kichwa."

Kijana aliniletea insha iliyojengwa juu ya sentensi hiyo ya mama yake: kwamba kitabu kimeandikwa na Hersey, lakini kila jicho lililomo ndani ni la mtu mwingine. Miaka yote niliyofundisha kitabu hicho sikuwahi kulisema vizuri hivyo.

Mzazi, huhitaji kusoma kitabu. Mwambie mtoto akusimulie kwa Kiswahili, dakika kumi. Pale asipoeleweka mwambie humwelewi, ingawa unaweza kukisia. Muulize nani alikuwepo, nani alimwambia mwandishi, na mbona huyu hajaulizwa. Ukiona anababaika, ujue sehemu hiyo hakuisoma vizuri, naye atajua umejua.

Naweza kusikiliza badala ya kusoma? Au kutazama filamu? Au kutumia akili mnemba inifupishie?

Kusikiliza, ndiyo, hasa ukiwa na kitabu mbele yako. Wanafunzi wanaofanya kazi usiku au kulea wadogo zao husikiliza kwenye basi, na hilo nalikubali kwa moyo wote.

Filamu itazame ukishamaliza. Na muhtasari, uwe wa mtandao au wa akili mnemba, unakupa kilichotokea. Mimi nitakuuliza kimesimuliwaje. Muhtasari wa *Hiroshima* utasema bomu lilianguka na kitabu kinawafuata watu sita waliookoka. Hautakuwa na kichwa kinachogeuka. Ukichukua muhtasari hujaninyima mimi kitu. Umejinyima mwenyewe ukurasa ulioandikwa kwa ajili yako.

Kitabu kina mauaji na mateso. Familia yetu imetoka vitani. Ni lazima?

Si lazima. Niandikie mstari mmoja, "naomba kingine", nami nitakubadilishia. Sitauliza sababu. Kwenye mikutano ya wazazi husemwa kwamba watoto wazoeshwe ukweli wa dunia. Watoto wetu wengine ukweli huo waliuona wakiwa na miaka sita, hawahitaji kuzoeshwa. Wapo pia wanaochagua vitabu hivyohivyo vizito kwa hiari yao, kwa sababu wanataka kuona mtu mwingine aliyapangaje maneno ya jambo kama lao. Hao nao niko pamoja nao.

Vitabu vinanunuliwa?

Hakuna anayelazimika kununua. Kadi ya maktaba ya mji ni bure, na ukiwa nayo unaazima vitabu vya kusoma na vya kusikiliza kwenye simu kwa programu ya Libby. Wahi mapema, foleni ya kiangazi ni ndefu. Simulizi ya Douglass haina tena haki za mwandishi, kwa hiyo iko bure kwenye tovuti ya Project Gutenberg.

Na mtihani wenyewe ukoje?

Unafanywa Mei, saa tatu na robo. Saa moja ni maswali 45 ya kuchagua jibu. Muda unaobaki ni insha tatu: moja ya kuunganisha vyanzo mbalimbali ulivyopewa, moja ya uchambuzi wa balagha, moja ya kutetea hoja yako. Insha zina uzito wa asilimia 55. Alama ni kuanzia 1 hadi 5. Vyuo vingi vinakubali 3 na kuendelea, vingine vinataka 4 au 5, kwa hiyo ulizia chuo unachokitaka. Ada ipo, na familia zenye kipato kidogo hupunguziwa. Mshauri wa shule ndiye anayeshughulikia.

Kiswahili hakina vitabu vya namna hii?

Kinavyo, na wazee wetu walianza zamani. Tippu Tip, aliyefariki Zanzibar mwaka 1905, aliandika maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili. Shaaban Robert aliandika maisha yake, kisha akaandika wasifu wa Siti binti Saad, binti wa Fumba aliyekuwa akiuza vyungu akaja kuwa sauti ya taarabu na kurekodi santuri Bombay. Havichukui nafasi ya vitabu viwili vya karatasi yangu, kwa kuwa mtihani ni wa Kiingereza. Lakini ukisoma kimojawapo ukanieleza Shaaban Robert alijuaje aliyoyasema kuhusu Siti, nitakupa alama za ziada, na nitafurahi sana.

Zimebaki wiki mbili, sijafungua kitabu. Nifanyeje?

Usitafute muhtasari. Chukua Douglass. Sura zake nyingi ni fupi, na sura moja kwa siku itakumalizia kitabu kabla ya wiki mbili kwisha. Ukiona utazidiwa, ruka nyingine ila ya saba usiiache, ile ya mkate. Isome mara mbili, ya pili kwa sauti, na mtu mwingine akiwa chumbani akusikie. Mbele kidogo ya mkate utamkuta akiwa kiwandani mwa meli, akitazama mafundi wanavyoandika herufi kwenye mbao, L ya upande wa kushoto, S ya upande wa kulia, naye akizinakili moja moja. Andika pembeni ulichokiona. Siku ya kwanza njoo na daftari lako, hata likiwa na kurasa tatu tu, keti mbele, tutaanzia hapo.